Historia, na Bibi

Nikilifungua daftari lile, harufu ya udi hunijia kwanza, na kwa mbali ile ya vitabu vikuukuu vya maktaba ya mtaani kwetu, Brooklyn Park.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama aliendesha gari kila siku hadi Bloomington, kwenye kazi yake ya hoteli, nami nikibaki na mamake, Bibi, aliyeletwa ng'ambo kutoka Mombasa aje anilee. Theluji ilitufungia ndani. Hakuwa na wa kuzungumza naye ila mimi, na mimi, Mungu anisamehe, nilimjibu kwa Kiingereza.

Siku moja nilirudi na kitabu cha historia ya malkia, kilichoandikwa Uingereza zama za Victoria. Mwandishi wake, kwa haya za wakati huo, hakutia jina. Alijiita tu "A Lady", yaani bibi mmoja wa heshima. Bibi akataka kujua kakiandika nani.

"Bibi," nikasema.

"Bibi wa nani?"

"Just Bibi."

Neno bibi nililijua kwa maana moja tu, nami niliamini kweli kwamba ni nyanya wa mtu. Bibi alicheka hadi ushungi ukamwanguka. "Basi hata mie naweza," akasema. "Haya, lete daftari, nawe uandike."

Jaladani niliandika: Historia, na Bibi. Kwa siku tatu alinisimulia habari za mamake, aliyefundisha wasichana kusoma uani kwake. Siku ya nne nilipata rafiki ghorofa ya chini, mwenye michezo ya televisheni, nikamwacha Bibi. Kila alasiri Bibi aliliweka daftari mezani, kalamu juu yake. Baadaye nilimwona akiandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu. Nikadhani ni dua. Theluji ilipoyeyuka alirudi kwao, na huko akafariki.

Herufi zile nilizisoma madrasa, lakini kwangu zilikuwa za Kurani tu. Mwaka jana Mama alinipa daftari lile, nikaanza kuzitamka, na nikajisikia nikisema Kiswahili. Zilikuwa habari za mamake Bibi, na kila ukurasa ulianza vilevile: "Leo mtoto hakuja, naandika mwenyewe." Nililia pale pale. Sikujua kwamba upweke wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

Bibi wa Kiingereza alilificha jina lake. Wangu alilitia mwishoni, Zuhura binti Athmani, na kando yake akatia langu, mimi niliyeandika siku tatu.