Kakiambie Kidonge

Mwanangu, nakumbuka siku moja niliyopanda mlima wa kwetu Machame mbio, viatu mkononi, nikimwomba Mungu kwamba mzee mmoja awe bado hajameza kidonge. Umesema Jumatatu unaanza kuwahoji wagonjwa wa utafiti, ndiyo maana nakusimulia.

Nilikuwa muuguzi kijana, mjuaji kweli kweli. Chuo cha udaktari kilikuwa kinajaribu dawa ya vidonda vya tumbo. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata wagonjwa majumbani, kuwauliza maswali ya kwenye fomu, na anayefaa kumpa vidonge vyake. Sharti kubwa lilikuwa moja: mnywaji wa pombe asipewe. Dawa ile ikikutana na pombe, mgonjwa hutapika mpaka akaanguka, na mwenye umri mkubwa anaweza asiinuke tena.

Nikafika kwa Mzee Anaeli, mzee wa kanisa wa usharika wetu. Nikamwamkia shikamoo, naye akanikaribisha kata ya mbege, maana kwetu mgeni haachwi na koo kavu. Tukanywa wote wawili. Nilipofika kwenye swali la pombe, alinikazia macho.

"Pombe? Mimi? Siigusi, mwanangu."

Nikaandika hapana, na kata ninayo mkononi! Wala hakunidanganya. Kwetu pombe ni ile ya chupa, ya kule baa. Mbege ni ndizi na ulezi vilivyochachuka, na ingawa inalevya, kwetu ni chakula. Nikamwachia vidonge, nikamwelekeza ameze kimoja kila asubuhi kabla ya kula chochote, nikashuka zangu mjini.

Kesho yake asubuhi Sista Ndealilia, muuguzi mkuu wa utafiti ule, akaichukua fomu yangu kuipitia. Mama yule hakuwa mtu wa kupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Mzee wa Machame hanywi kabisa? Mbege ulimuuliza?"

"Sista, mbege si pombe."

Akavua miwani. "Mgeni angekosea hivi ningemsamehe. Wewe ni mtoto wa huku. Haya, nenda kakiambie kidonge kwamba mbege si pombe."

Nikaiacha fomu mezani, nikatoka. Simu za mkononi enzi hizo hakuna. Nikapata lifti ya gari la maziwa hadi barabarani kwao, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha na njia inateleza, nikavua viatu nikakimbia. Njia nzima nilikuwa naona mazishi yake, na mimi nimesimama nyuma ya watu nisiweze kumtazama mjane.

Nikamkuta amekaa nje, kata mkononi, mzima kabisa.

"Baba, kidonge umemeza?"

Akainamisha uso kama mtoto aliyekosa. "Unisamehe, mwanangu. Ulisema nimeze kabla ya kula. Sasa nimekikumbuka nimeshapiga mbege. Nikasema, basi tena, nimeshakula, nitaanza kesho."

Nilikaa chini kwenye matope nikacheka mpaka nikalia. Mzee wa watu alidhani nimechanganyikiwa, akaenda kunitafutia maji. Kama asingeiita mbege chakula, angekimeza. Nikazikusanya dawa zangu zote, nikamshukuru Mungu, na kata nyingine nikaikataa kwa adabu.

Sasa nisikilize. Asiyeuliza hana ajifunzalo, lakini anayedhani anajua huyo ndiye wa kuogopwa. Usiulize neno lililoandikwa tu. Uliza mtu anakula nini, anakunywa nini, kwa majina wanayoyatumia nyumbani kwake. Lile unalolijua tangu utotoni liulize mara mbili, ndilo litakalokuponyoka. Na ukikosea usifiche wala usingoje, kimbia hata pekupeku. Mimi nilibahatika, mwanangu, na bahati hiyo usije ukaitegemea.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe sikio lisilochoka, na kila mgonjwa utakayemwacha nyumbani kwake, ukirudi umkute amekaa nje, anakungoja.