Nyanya Zilizonyimwa Giza

Irungu hakumpenda mtu aliyelala akatosheka. Zamani, alipokuwa katika mji wa Moi's Bridge, alimiliki kinu cha kusaga mahindi, na msimu wa mavuno kinu hicho kilinguruma hadi alfajiri huku wenye vinu wenzake wakikoroma. Kulipokucha, wateja wao walikuwa wake. Hapo alijifunza kwamba mali hutengenezwa wengine wakiwa wamefumba macho, na tangu siku hiyo hakujifunza kitu kingine. Watu wa imani hiyo wapo kila mji wenye mashine, kuanzia Kampala hadi Izmir, na wengi wao hawaelewani na watoto wao.

Uzeeni alikiuza kinu, akajenga kivungulio, nyumba ya nailoni ya kukuzia mimea, huko Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret, akakijaza nyanya. Alichovuna maishani chote kilikuwa mle ndani. Akaning'iniza taa juu ya mistari, akaamuru ziwake tangu jua likizama hadi lichomoze.

"Nyanya haina mke, haina kanisa," alimwambia Murunga, kibarua wake. "Inalala ya nini?"

Murunga alitoka Lugari, na kibanda chake cha mabati kilikuwa kimeegemea kivungulio upande wa nyuma. "Na mimi, Mzee? Hizo taa zinaingia mpaka kwa macho."

"Wewe nilikuajiri ulale?"

Majani yakaanza kugeuka. Mishipa ilibaki kijani, lakini katikati yake rangi ilififia ikawa manjano ya mtu mwenye homa ya ini. Maua yakadondoka. Irungu alimshika Murunga shati.

"Umepulizia nini?"

"Ile dawa ulinunua, Mzee. Na mbolea yako. Hakuna ingine."

"Mwongo! Hii ikikauka, wewe utakauka mbele yake."

Binti wa Irungu, Njambi, alifika Jumamosi iliyofuata kutoka chuo kikuu, alikokuwa akisomea shahada ya pili. Irungu hakumkaribisha chai. Kwa maoni yake, mtu mzima aliyekaa miaka miwili akichunguza kitu kimoja ndani ya jani alikuwa mgonjwa au mwizi. Njambi aligeuza majani mawili matatu, akatazama juu kwenye taa.

"Baba, hizi unazima saa ngapi?"

"Sizimi."

"Basi usimguse Murunga. Nyanya ikinyimwa giza inaugua. Hiyo inajulikana."

"Inajulikana na nani? Mimi sijui."

Njambi akavuta pumzi. Alimweleza kwamba ndani ya jani mna vimeng'enya, mafundi wadogo wasioonekana, wanaojenga sukari kwa nguvu ya mwanga. Kimoja kati ya hivyo ndicho alichokuwa akikisomea. Zamani sana, kwa viumbe wa majini walioitangulia mimea, kimeng'enya hicho hakikuweza kujizuia kufanya kazi. Protini nyingine ndogo ilikuwa ikija gizani na kukikamata, kama askari anayefunga lango la kiwanda. Baadaye, kwa mababu wa mimea, jeni ya kimeng'enya hicho ikajirudufu, na nakala moja ikaokota kipande cha yule askari, ikakibeba kama mkia. Tangu hapo kimeng'enya kikawa na kufuli lake lenyewe. Giza likiingia, mkia unakifunga. Mwanga ukirudi, unakiachilia.

"Mkia," Irungu alisema. "Ati nyanya iko na mkia. Murunga, umesikia nalipa karo ya nini?"

Murunga hakuthubutu kucheka.

"Usiku mmea unachoma sukari yake ili uishi," Njambi aliendelea. "Kujenga na kuchoma wakati mmoja ni hasara. Sisemi kufuli hilo peke yake ndilo limeharibu majani yako. Nasema usiku ni sehemu ya kazi ya mmea. Imekuwa hivyo kabla hakujakuwa na mtu wa kuamka mapema. Zima taa, utaokoa yale yanayochipuka."

"Maneno ya wavivu. Mmeenda kuyatafutia vitabu."

Aligeuka aende zake, akapita upande wa nyuma, mle mle ndani ya kivungulio, na hapo akasimama ghafla. Mstari wa mwisho, ule uliopakana na kibanda cha Murunga, ulikuwa kijani kibichi, na matunda yamejaa. Kati yake na taa palikuwa na waya, na kwenye waya magunia ya mahindi yamekunjwa kando kama mapazia.

"Hii nini?"

Murunga alitazama viatu vyake. "Huwa nayashusha jioni, Mzee. Asubuhi nayakunja. Ndio nipate usingizi."

Irungu alilishika jani la mstari ule, akalilinganisha na la mstari wa jirani. Hakuwa mjinga. Alikwenda hadi kwenye swichi, akaing'oa na waya wake, akaitupa chini. Njambi alidhani yameisha.

"Sasa chukua nguo zako utoke," Irungu alimwambia Murunga.

"Baba! Huyu ndiye ameokoa mstari mmoja!"

"Hakuokoa kitu. Alilala. Aliniibia mwanga wangu akalala."

"Na akifika huko nje, utaambia watu alikuwekea sumu?"

"Nitaambia watu ninachotaka. Greenhouse ni yangu."

Murunga alifunga vitu vyake ndani ya gunia mojawapo, akamwambia Njambi, "Dada, achana naye. Nyanya ya mstari huu inataka kufungwa kamba leo, itaanguka na hiyo mizigo." Njambi akauchukua mkoba wake ambao hata hakuwa ameufungua, wakatoka pamoja.

"Mnafikiri nyanya itanishinda mimi?" Irungu aliwapigia kelele.

Hawakugeuka. Akaokota kamba ya katani, akaingia kwenye mstari wa kijani, akainua mmea wa kwanza uliolemewa na matunda, akaukaza kwa hasira ile ile. Shina likavunjika mkononi mwake.