Mayai Kwenye Friji ya Kombo

Watu wa mtaa wa Mabawa wakiulizwa Kombo anafanya kazi gani, hujibu kwamba ni fundi friji, na ni kweli. Hawaongezi kwamba friji moja mbovu, iliyoko chumba cha uani, haipozi kitu: imefungwa taa ndani, nayo inaangua mayai ya chatu. Kibali anacho, kimetundikwa ukutani kando ya picha ya harusi, na wageni hukitazama zaidi kuliko bibi harusi.

Kombo hafugi chatu kwa ngozi, wala hana jini, ingawa wapo majirani ambao hawajakata tamaa na jambo hilo. Anatafuta rangi. Miaka kadhaa nyuma alinunua kwa mfugaji wa Muheza dume mwenye rangi ya tui la nazi, mabaka yake hafifu kama doa lililogoma kutoka. Akampandishia jike la kawaida, wakazaliwa watoto wa kahawia kama chatu yeyote wa kwenye mkonge. Majirani wakampa pole. Kombo akawaeleza kuwa rangi ile huruka kizazi, huja kutokea kwa wajukuu. Ikabidi asubiri watoto wakue, awapandishe wao kwa wao, jambo ambalo hakulieleza msikitini.

Mkewe, Zuwena, alivumilia mpaka mama yake, Bi Semeni, alipohamia kwao kutoka Pangani na kulala sebuleni. Hapo akaweka sharti: mayai ya hao wajukuu yakitoa kahawia tupu, chatu wote wapelekwe Muheza kwa yule mfugaji, chumba chao apewe mama. Kombo akakubali. Mama mkwe anayelala sebuleni hushinda hoja zote.

Mayai yakatagwa, mengi yamegandana fungu moja, machache yakiwa huru pembeni. Kombo akayahamishia kwenye friji na kuyatia kila moja alama ya mkaa kwa juu. Yai la chatu haligeuzwi. Ukiligeuza, mtoto anaweza kufa humo ndani. Mkaa ulikuwa wa kukumbusha upande wa juu.

Lakini Bi Semeni amefuga kuku maisha yake yote. Kwake yai lenye mkaa ni yai la kuatamiwa, na yai la kuatamiwa hugeuzwa. Siku Kombo alipokwenda Raskazone kwenye friji zinazotakiwa kupoza, alirudi akamkuta mama mkwe mlangoni pa chumba cha uani, ana uso wa mtu aliyetenda wema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe wangu, mayai umeyalaza upande mmoja kama mgonjwa asiye na ndugu. Nimekugeuzia. Yale yaliyoshikana yamenishinda."

Mkwe hafokewi. Kombo alishukuru, akazunguka nyuma ya nyumba, akanawa uso kwenye pipa la maji, kisha akarudi kuyageuza upya, mkaa juu. Aliyemweleza mama ukweli ni Zuwena, na akamweleza na lile sharti pia. Bi Semeni alimaliza chakula chake, akanawa mikono.

"Yaani mimi nipate chumba kwa kuua watoto wa nyoka?" akasema mwishowe. "Nalala sebuleni."

Toka hapo aliweka kigoda mbele ya friji, akamkagua kila aingiaye, Kombo akiwamo.

Yale mayai huru yalinywea yote. Lile fungu likaanza kupasuka: kahawia, kahawia, tena kahawia. Kombo alikuwa ameshaanza kuwaza gari la kubebea vizimba kwenda Muheza, pale pua moja ilipochomoza chini kabisa ya fungu, nyeupe ya tui, na nyuma yake mabaka ya dhahabu hafifu.

"Huyo mbona kama hajaiva?" Zuwena akauliza.

"Kaiva," Bi Semeni akamjibu. "Kamfuata babu yake."

Habari ya Muheza haikutajwa. Zuwena alitoka uani, akaanza kupima kwa hatua mahali pa kumjengea mama chumba. Bi Semeni akamwambia, bila kuondoka kwenye kigoda, kwamba mlango wake utazame huku.