Kandambili Chini ya Mlango wa Dereva

Wengi wakileta gari kuoshwa hutaka ling'ae juu tu. Milango ing'ae, vioo ving'ae, wapate pa kujitazama. Huko chini, uvunguni, ambako oili imeshikana na tope mpaka imekuwa ganda, hawana habari nako hadi siku harufu ya kuungua inapowafikia puani wakiwa barabarani. Hapo ndipo walipomkumbuka jirani yangu. Mimi naziba pancha, yeye alikuwa anaosha uvungu wa magari, na tuliegemea ukuta mmoja miaka mingi, mchana kutwa tukitaniana. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika gerejini. Tulimwita Uvungu, na hata tajiri mwenye gereji alimwita hivyo mbele ya wageni.

Sijapata kuona mtu mwoga kama yule, na woga huo ndio uliomfanya fundi. Gari lililotoka safarini hakuligusa mpaka lipoe. Chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake hakuingia, umwombe, umtukane, ni bure. Alilipandisha magurudumu ya mbele juu ya ngazi mbili fupi za chuma, akavuta breki ya mkono, akashindilia vigogo nyuma ya magurudumu ya nyuma, kisha akalisukuma kwa bega na kusikiliza kama linacheza. Wenzake waliosha kwa petroli kwa kuwa inakata oili upesi. Yeye alisema aliyechoka kuishi akajichomee kwake. Alifunika nyaya kwa mifuko ya plastiki, akakwangua ganda kwa kipande cha mbao, akasugua kwa brashi na maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, na yale maji meusi akayakinga kwenye beseni lenye maranda ya seremala ili yasiende mtaroni. Miwani machoni, glavu mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nikimwambia anafanana na daktari anayempasua kobe, naye ananijibu kwamba kobe angalau hana dereva.

Kabla ya kuingia chini alivua kandambili zake, akavaa mabuti ya mpira, na zile kandambili akaziweka chini ya mlango wa dereva. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya gereji yetu. Nani aliileta sijui. Kandambili zikiwepo pale, kuna mtu chini, na gari huligusi hata kama ni lako na umeliletea kadi yake. Zikiondoka, mtu ametoka. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa dereva na hakuna aliyeona shida, kwa sababu sote tuliziamini kandambili kuliko ufunguo. Leo nikikumbuka nakasirika, na wa kumkasirikia simpati.

Uvungu alikuwa na binti mmoja, fundi cherehani. Mama yake alikuwa amefariki, wakabaki baba na mwana katika vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, mahali ambapo vikombe hulazimika kufunikwa vumbi la unga lisiingie. Binti huyo alimpenda baba yake kwa kumgombeza. Shati hili limechakaa, ndevu hizi mpaka lini, chai sukari imezidi. Vita vyao vikubwa vilikuwa juu ya zile kandambili. Moja ilikatika mkanda, akaufunga kwa waya, na waya ukamtia aibu mtoto wa watu kila walipotoka pamoja. Uvungu hakutaka kuzibadili, kwa maana kila dereva alizijua.

Lakini hilo hakumwambia. Kazi yake hakuizungumzia nyumbani hata kidogo. Aliogea gerejini, akabadili nguo, akarudi kwake msafi akinukia sabuni, na binti akimuuliza kazi ilikuwaje alisema magari ni kama watoto, unayaogesha yanakaa kimya. Alikuwa amemwona mwanawe akimzika mama yake, akaona mambo ya kumtia hofu yametosha. Hata kufika gerejini alimkataza, akisingizia matusi ya madereva.

Siku yenyewe umeme ulikatika mjini, cherehani zikalala. Binti akaona asikae bure, akapika, akafunga chakula kwenye kitambaa, akaja kumshtukiza baba yake. Mimi nilikuwa ndani nikitafuta tyubu ya akiba. Uvungu alikuwa chini ya gari la mikate, huku pampu ya dizeli ikinguruma kiasi kwamba mtu na mtu waliokaribiana hawasikilizani. Binti hakumwona baba yake. Alichokiona ni kandambili mbili kwenye tope, moja ina waya. Akaona bahati imemwangukia. Akaweka chakula juu ya benchi langu, akaziokota, akavuka barabara kwenda kwa fundi viatu.

Dereva wa mikate alirudi kutoka kunywa chai, akatazama chini ya mlango wake, akaona patupu. Akang'oa vigogo, akaingia, akaachia breki, gari likateremka kinyumenyume kutoka kwenye ngazi. Uvungu alikuwa amenyoosha mguu nyuma ya gurudumu la mbele.

Sitaeleza nilichosikia. Tulipomvuta nje alikuwa na fahamu zake zote, uso umemjaa sabuni na tope. Watu wakajaa. Dereva alikuwa anarudia neno moja tu, kwamba kandambili hazikuwepo, hazikuwepo. Wakati huohuo nikamwona binti anakuja mbio kutoka ng'ambo, kandambili mkononi, moja ina mkanda mpya. Uvungu naye alimwona. Nilikuwa nimekishika kichwa chake, nikaona macho yake yanakwenda kwenye zile kandambili, kisha kwa dereva, kisha kwangu.

"Nimesahau," akasema kwa nguvu, kila mtu asikie. "Leo nimesahau kuziweka."

Hospitalini walimkata mguu wa kulia chini ya goti. Nilipokwenda kumwona nilikuwa nimefura, kwa sababu gerejini tayari maneno yalikuwa mengi. Tajiri alipata pa kuponea. Aliyeumia ndiye aliyesahau, kwa hiyo gereji haina lawama. Waoshaji wa petroli, wale aliowacheka, walikuwa wanamcheka. Nikamwambia haiwezekani mtu ambaye hajasahau maisha yake yote aitwe msahaulifu na wajinga wale, na kwamba nitasema ukweli.

"Wewe una mdomo," akaniambia, "na huu uufunge. Mguu nimeshaupoteza. Unataka nimpoteze na mtoto?"

Nikaufunga. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Maana binti, ambaye alisikia tu kwamba baba yake amesahau bila kujua amesahau nini, aliamua kwamba ameanza kuzeeka akili. Akamnyang'anya kiberiti. Akawa anamkumbusha dawa ambazo alishazimeza, na kumuuliza mbele za watu kama amefunga mlango. Uvungu aliitikia kila kitu. Ndiyo mama, nimesahau mama. Nilikuwa nakaa pale natazama ukuta. Zile kandambili alizitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, akisema watu hawavui heshima kwa sababu ya mguu mmoja, na kwamba daktari akileta mguu wa bandia ataivaa ya kulia kama kawaida.

Mvua zilipokwisha, Uvungu alirudi gerejini na mkongojo. Tajiri alimpa kiti kifupi pembeni, awe anaosha vyuma vilivyofunguliwa, ndani ya beseni. Kazi ya uvungu akapewa mtu mwingine, kijeuri kimoja ambacho hata hivyo kilikuwa kinakuja kumuuliza vigogo vikae wapi. Sasa binti alikuja kila mchana na chakula. Hakuna aliyethubutu kumkataza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa macho na akili ya baba yake, kama alivyosema mwenyewe.

Mchana mmoja tulikuwa tunanawa mikono tule. Mwoshaji mpya alikuwa chini ya teksi. Mwenye teksi akaja na haraka zake, simu sikioni, akafika mlangoni kwake, akatazama chini. Akarudi nyuma hatua chache, akachuchumaa kivulini, akaanza kung'ata kucha. Binti alimhurumia. Akamuuliza anamngoja nani, kwani gari si lake?

"Langu," akasema mwenye teksi. "Si unaona kandambili? Kuna mtu chini."

Binti akageuka. Kandambili za mwoshaji mpya zilikuwa pale, chini ya mlango wa dereva, zimetulia kwenye tope. Alizitazama kwa muda, ufuniko wa sufuria mkononi. Nilitamani pampu ingurume, gari lipige honi, litokee lolote. Halikutokea lolote. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kama ni hivyo siku zote, na mwenye teksi akasema ni hivyo tangu alipoanza kuleta gari hapa, kila mtu anajua.

Akaja mpaka penye kiti kifupi. Uvungu alikuwa ameinamia beseni, anasugua kipande cha chuma ambacho kilishatakata.

"Baba, hukusahau."

"Nilisahau, mama. Kaa tule."

"Baba, hukusahau."

Brashi ikasimama. Mikono ikiwa bado ndani ya maji meusi, akainua uso na kumtazama mwanawe kwa mara ya kwanza bila kujificha tangu siku ile.

"Nilisahau kukuambia," akasema. "Hilo ndilo nililosahau."

Binti alikaa chini palepale, kwenye tope, na gauni lake la kazini. Nilifunika sufuria nikaiweka kando.