Samaki Ndani ya Uzio wa Miiba

Vibanio. Hilo ndilo jina ambalo binamu yangu aliwapa samaki wangu likizo nzima ya mwezi wa kumi na mbili. Nikirudi kutoka ziwani jioni namkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni kwa bibi, anapaza sauti ili hata majirani wasikie.

"Dada wa mjini! Leo umevua vibanio vingapi? Bibi mwenyewe hana nywele, utambania wapi?"

Bibi, badala ya kunitetea, anacheka mpaka anajishika kiuno. "Mwache mke mwenzangu," anasema. "Vinanukia vizuri kwenye mafuta."

Jibu zuri huwa linanijia baadaye, nikiwa naosha vyombo, na sufuria haina haja nalo.

Kwa bibi ni mbele ya Makutupora, ukishayapita mashamba ya zabibu na kuiacha lami. Kuna bwawa kubwa ambalo wenyeji wanaliita ziwa, na baba yangu alikulia kando yake. Sasa anafanya kazi Mpwapwa, kwenye mambo ya mifugo, na mimi naishi Dodoma mjini na mama. Baba anapiga simu kila wiki. Ananiuliza, "Hujambo? Masomo?" Nasema, "Sijambo. Mazuri." Halafu tunasikilizana tukipumua mpaka mmoja amkumbuke mama na simu ihamie kwake. Hatujagombana. Ni kwamba wote wawili tumeumbwa hivyo, maneno yanatuishia kabla hatujaanza.

Isipokuwa kwenye samaki. Nilipokuwa mdogo alinileta huku, akanikalisha kwenye jiwe, akaniambia nitazame boya tu, nisitazame kitu kingine. Siku ile aliongea. Alinionyesha jinsi ya kumtunga nyungunyungu kwenye ndoana, alinicheka, akanisimulia alivyotumbukia ziwani na sare za shule. Sijawahi kumpata baba yule tena. Kwa hiyo likizo hii aliposema kwenye simu kwamba Jumamosi atakuja kunichukua, na akaongeza, "Univulie mmoja basi, lakini mkia utoke nje ya sahani," nilihisi kama nimepewa nafasi. Nikiwa na samaki wa hivyo mezani, tungekuwa na la kuongea. Bila samaki tungekula ugali huku tukitazamana na mboga.

Ndiyo maana vibanio viliniuma.

Zana zangu zilikuwa sawa na za binamu. Ufito, mshipi wa nailoni, ndoana, na boya nililokata kwenye ndala nyekundu iliyokatika. Tulikaa kwenye mwamba mmoja. Yeye alitoa perege wa kuweza kushikwa kwa mikono miwili, mimi nikatoa vya kushikwa kwa vidole. Ningeweza kumuuliza, "Unafanyaje?" Ni neno moja tu. Lakini nikimuuliza nitakuwa nimekubali vibanio, na atapiga kelele mwamba mzima ujue. Nikaamua kumwangalia kwa pembeni, kama ninavyofanya darasani kwenye hesabu.

Niligundua mambo mawili. Kwanza, yeye hakutumia nyungunyungu. Alitumia tonge la ugali wa uwele uliolala, gumu, ambalo samaki wadogo wanalidonoa bila kulimaliza. Pili, boya lake alilifunga mbali sana na ndoana, chambo kikafika chini kabisa kwenye tope. Langu nililifunga karibu, nikawa navua huku juu kwenye chekechea.

Nikabadilisha yote. Nikaiba ugali wa bibi sufuriani. Nikashusha ndoana. Siku ya kwanza nilinasa tope. Siku iliyofuata nikanasa tope na tawi. "Hongera," binamu akasema, "sasa unavua kuni." Niliukunja mshipi wangu nikaondoka bila kuaga, na njiani nikalia kidogo, kwa sababu ilikuwa Alhamisi tayari.

Alhamisi hiyo ikanyesha mvua kubwa, ile ya kwanza ya kweli. Ijumaa asubuhi ziwa lilikuwa limepanda, maji mekundu kama chai ya maziwa, na bustani ya bibi imezama. Kiangazi ziwa likirudi nyuma, kila mtu hapa analifuata kwa jembe, analima kwenye unyevu ule. Bibi alikuwa amepanda matembele. Sasa yalikuwa chini ya maji, ncha chache tu zikichungulia.

Kule mwambani wavuvi wote walikuwa wanarusha mbali, kwenye kina, na hakuna aliyepata kitu. Binamu alikuwa ananung'unika. Mimi sikutaka kukaa karibu na kelele zake, nikajitenga upande wa bustani, nikakaa nikiwa sina hata nia ya kuvua.

Ndipo nikaona tembele linatikisika. Hakukuwa na upepo. Likatikisika tena, likazama, na juu ya maji likapita pezi. Lilikuwa pana kama kitana cha mama cha mbao. Perege wakubwa walikuwa wamekuja ukingoni kula majani ya bibi, na watu wazima wote wanarusha mbali kuwafuata mahali walikokuwa jana!

Nikauchukua ufito wangu. Nilitia tonge la uwele, nikapima kina kwa macho, nikaliteremsha taratibu kati ya mashina. Boya likasimama. Nikangoja. Halafu likafanya kitu ambacho sijawahi kuona likifanya. Halikuzama. Lilijiinua polepole, likalala ubavu juu ya maji kama limechoka. Nikadhani nimekosea kina tena. Ndipo likaanza kutembea.

Nikavuta, na kule chini kitu kikakataa.

Ufito ulipinda mpaka ncha ikagusa maji. Samaki alienda kulia, akarudi, akajigeuza nikaona ubavu wake mzima, na nikajua kwamba huyu hata sinia la bibi lingemwonea haya. Halafu akakimbilia ndani na kila kitu kikasimama. Mshipi ulikuwa umekaza lakini hautikisiki.

Nilielewa papo hapo, na nilitamani kujipiga. Uzio! Likizo fupi ya mwezi wa tisa bibi alinituma nikate matawi ya mgunga niizungushie bustani, mbuzi wasile matembele. Nililalamika, lakini nilikata, nikasuka miiba ile kwa ustadi, na bibi akanisifu kwamba hata panya hapiti. Sasa uzio wangu ulikuwa chini ya maji, na samaki wangu alikuwa ameuzungushia mshipi.

Nilihitaji mtu mmoja tu wa kushika ufito, ili niingie nikainue tawi. Binamu alikuwa hapo hapo, umbali wa kurusha jiwe. Nikafungua mdomo. Sauti ikatoka kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Njoo."

Hakuna aliyegeuka. Ufito ukapiga kwa ndani, du, du. Bado alikuwepo.

"Njoo," nikasema tena, kwa sauti ile ile ya chumvi.

Mara ya tatu nilipiga yowe. Sijui lilitoka wapi. Mwamba wote uligeuka, ndege wakaruka, na binamu akaja mbio akiwa na jiwe mkononi.

"Nyoka? Nyoka yuko wapi?"

"Samaki! Shika, usivute, mimi naingia..."

"Lete hapa!" Akaunyakua ufito na kuuvuta kwa nguvu zake zote, kama anang'oa mhogo. Mshipi ukalia, ukalegea. Ndoana ikaruka hewani ikatua kwenye nyasi, imenyooka kama sindano. Boya halikurudi. Lilichomoka kwenye mshipi, likabaki kwenye miiba.

Binamu akatazama maji, akanitazama mimi.

"Ulinasa kwenye miiba tu, dada."

"Kulikuwa na samaki."

"Nani kamwona?"

Hiyo ndiyo ilinimaliza. Ningevumilia kumpoteza. Lakini hakuna aliyemwona, na mimi ndiye msichana wa vibanio. Nilimwambia, "Wewe umenipotezea samaki wa baba yangu," nikaondoka. Kwa mara ya kwanza jibu lilikuja kwa wakati wake, na halikunisaidia kitu.

Jumamosi baba alifika na bodaboda, matope hadi kwenye kope.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo? Masomo?"

"Shule zimefungwa."

"Ee, kweli."

Bibi akaleta ugali, mlenda, na vibanio vya kukaanga kwenye sahani. Mikia yote ilikuwa ndani, tena na nafasi ya kutosha. Baba alivitazama, akachukua kimoja, akakila na mifupa yake. Binamu alianza, "Mjomba, jana huyu alivua uzio..." na nikaona akimaliza hadithi yangu itakuwa yake milele.

Nikaongea mimi. Niliongea nikiangalia ugali. Nilisema juu ya matembele, pezi, miiba, na jinsi nilivyoita mara mbili bila sauti. Nilipofika mwisho baba alikuwa ameacha kutafuna.

"Boya lilizama au lililala?"

"Lililala. Halafu likatembea."

"Basi alikuwa mkubwa," baba akasema, akimgeukia binamu. "Kidogo kinazamisha. Mkubwa anakiinua chambo kutoka chini, boya linakosa uzito linalala." Akaomba aione ndoana. Akaizungusha kwenye vidole. "Lakini hii ni ndogo mno. Ya vidagaa."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake hasira zote za likizo zilinipanda.

"Ungeniambia kwenye simu, baba."

Bibi aliacha kukanda tonge. Baba akaiweka ndoana chini.

"Hukuniuliza," akasema.

"Na wewe hukuniuliza."

"Kweli," akasema. "Sikukuuliza."

Akanawa, akakunja suruali, tukaenda ziwani wote wawili. Tuliliona boya langu jekundu likichezacheza kati ya matawi. Baba akaingia mpaka magotini, akashika tawi la kwanza la mgunga ili alitoe. Ndipo sauti ya bibi ikatufuata kutoka juu.

"Nyie! Huo uzio msiuguse! Maji yakirudi nyuma, mbuzi wa watu watakula nini kama si matembele yangu?"

Baba akaliachia tawi. Akatoka akijinyonya kidole kilichochomwa, na tukasimama pale ukingoni tukitazama boya, mpaka wakati wa gari la mjini ukafika. Uzio uko pale pale. Samaki wangu pia yumo, ananenepa kwa majani ya bibi, na nimemzungushia miiba mizuri, hakuna mbuzi atakayemgusa.