Bibi Foleni na Watu Wasiosubiri "Ila"

Ifahamike kwa umma wote, waliokaa na waliosimama, hasa waliosimama kwa kuwa viti vimekwisha, kwamba mji huu unaye Mtetezi wa Wazee. Hakupigiwa kura, hana ofisi, hana mhuri, wala hakuna bendera inayopandishwa akiamka. Anao mkoba wenye zipu iliyokufa, miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na magoti yanayolia kwenye ngazi kama bawaba za mlango wa stoo. Wakubwa wa Mfuko wa Wazee wanamtambua rasmi kwa jina la "yule mama amekuja tena." Wazee wenyewe wanamwita Bibi Foleni.

Kabla ya cheo hicho alikuwa mpokea simu wa hospitali, hadi alipostaafishwa na mashine inayosema "bonyeza moja." Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu wakilia, halafu kuwaunganisha na mtu asiyewasaidia. Alipostaafu alikwenda kwenye Mfuko kufuatilia mambo yake, akamkuta mzee mmoja anapigwa danadana, chumba hiki mpaka kile na kurudi. Akamshika mkono, akasimama naye dirishani. Tangu siku hiyo hajakaa vizuri.

Mfuko wenyewe si mbaya, ukiusoma kwenye bango. Mzee asiyejimudu analipiwa dawa, anapewa posho kidogo, na muuguzi anamfuata nyumbani. Mzee anayejimudu anapewa pongezi. Kazi ya kuwatenganisha hao wawili imeachiwa jopo la tathmini, na jopo linakaa ghorofa ya tatu ya jengo ambalo lifti yake inatengenezwa. Imekuwa ikitengenezwa kwa muda mrefu kiasi kwamba tangazo la kutengenezwa limechakaa, likatengenezwa jingine. Mpango huo una akili zake. Mzee akifika juu, ameonyesha kwamba anajimudu. Asipofika, hakutokea, na jina lake linakatwa.

Lakini ngazi hazikuwa adui mkubwa wa Bibi Foleni. Adui mkubwa alikuwa adabu.

Mzee wa watu anaweza kuwa na mguu uliooza, kifua kinachopiga filimbi na jicho moja lililofunga duka. Mwulize "habari za afya," atakujibu "nzuri." Ndivyo alivyolelewa. Kwanza nzuri, halafu "ila," halafu ndipo mguu unapoingia kwenye mazungumzo. Zamani kila mtu alijua kwamba ugonjwa unakaa nyuma ya "ila," kwa hiyo alisubiri. Watu wa jopo hawasubiri. Wakishasikia "nzuri" wameshaandika, na mwingine ameshaitwa.

Kwa hiyo kila wiki Bibi Foleni alisimama mbele ya benchi la chini na kuwafundisha wazee ukosefu wa adabu.

"Ukiulizwa hali, usiseme nzuri. Hukuja kusalimia hapa. Umekuja kuumwa."

"Sasa, mwenzangu," alisema bibi mmoja aliyeshikilia kiuno chake kana kwamba kingeanguka, "nitaanzaje kumwambia mtoto wa watu mimi mbaya, asubuhi yote hii, hata chai hajanywa?"

"Mwambie hivyohivyo."

"Akishtuka?"

"Ashtuke. Analipwa."

Wazee walicheka, wakaahidi, wakapanda ngazi kwa tabu, na huko juu wakasema nzuri.

Na katika hao wote, mwanafunzi mbovu kuliko wote alikuwa kaka yake wa kuzaliwa.

Kaka mtu alikuwa fundi seremala. Nusu ya milango ya mtaa ule aliifunga yeye. Sukari ilimwingia polepole, ikamla hisia za miguu, ikahamia mikononi. Siku aliyoshindwa kushika randa, karakana ilifungwa na yeye akahamia kwa mdogo wake. Mfuko ulimlipia dawa, na muuguzi alikuja kumchoma sindano za sukari na kumfunga vidonda. Halafu ikaja tathmini ya marudio, ile ambayo mkaguzi wa Mfuko huifanya nyumbani kwa mzee.

Siku hiyo Bibi Foleni hakuwepo nyumbani. Alikuwa ghorofa ya tatu akimgombania mzee wa mtu mwingine. Kwa hiyo mkaguzi alimkuta fundi peke yake, amenyoa ndevu, amevaa shati la pasi, amejikaza kisabuni mlangoni ili mgeni asipokewe na mtu aliyelala.

"Unajimudu, mzee?"

"Kabisa, mwanangu. Karibu ndani."

Akimsindikiza, fundi alimwambia meza yake ya ofisini ikilegea miguu ailete. Mkaguzi aliandika "anajimudu," na kuanzia hapo muuguzi hakuja tena.

Kazi zake zikabaki kwa dada mtu. Alisoma vipimo vya sindano kwenye taa kwa ile miwani ya uzi. Alimgeuza kitandani mwanamume aliyemzidi uzito, akafua mashuka, akayaanika, akavaa viatu, akaenda kuwatetea wazee. Alikuwa na ule uchovu usiotibiwa na usingizi. Analala nao, na akiamka anaukuta umeshavaa viatu kabla yake. Dawa zilikuwa zinakaribia kwisha. Aliandika rufaa, wakampa siku moja na nafasi moja. Jopo likisema tena anajimudu, faili linafungwa.

Jioni ya kuamkia siku hiyo alimkalisha kaka yake kitandani, akajifanya daktari.

"Shikamoo mzee."

"Mbona unaongea kwa pua?"

"Ndivyo wanavyoongea. Shikamoo."

"Marahaba."

"Habari za afya?"

"Nzuri."

Bibi Foleni alivua miwani, akajisugua macho. "Kaka."

"Si ndiyo naanza? Nzuri kwanza, halafu nafika huko kubaya."

"Huko kubaya hawasubiri ufike. Anza na kubaya."

"Mdogo wangu, mimi nimewafungia milango wakubwa wa Mfuko huo, baba zao niliwajua. Leo niende kuwalilia miguu?"

"Uende. Miguu yenyewe huisikii, walilie kwa niaba yake."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Walirudia. Mara ya pili alisema "wastani." Ya tatu akasema "mbaya," ila kwa tabasamu la mtu anayemkaribisha mgeni chai. Bibi Foleni akazima taa.

Asubuhi walipanda. Alimtanguliza, yeye nyuma, mkono mmoja kwenye mkanda wa suruali ya kaka na mwingine kwenye reli. Kila fundi alipoinua mguu ilimbidi autazame kwanza, aone umefika wapi, kwa kuwa mguu wenyewe haukumwambia. Kwenye kila kona walipumzika, fundi akichunguza dirisha.

"Hii mbao waliibiwa," alisema kwenye kona ya pili.

"Panda."

"Nasema tu. Inaliwa na mchwa."

"Kaka, panda, mimi mgongo unakatika."

Fundi aligeuka kumtazama. Akapanda.

Chumba cha jopo kilikuwa na meza ndefu, feni inayozungusha joto, na watu wawili: daktari wa kike, kijana, mwenye macho ya mtu aliyetoka zamu, na mhasibu mnene aliyekuwa akiwatazama wazee kama mtu anavyotazama bili ya umeme. Mbele ya meza kulikuwa na kiti kimoja. Bibi Foleni alimshusha kaka yake pale, halafu akajiegemeza ukutani.

"Shikamoo mzee," alisema daktari.

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za afya?"

Bibi Foleni alifumba macho.

"Nzuri," alisema fundi. "Tunashukuru."

Kalamu ya daktari ikashuka. Mhasibu akaegemea mbele, amechangamka.

"Umepanda ngazi mwenyewe, mzee?"

"Nimepanda."

"Basi hongera. Wengine wanaishia chini."

Pale ukutani Bibi Foleni alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii maneno hayakuja. Alikuwa ameshawasemea wazee wengi mno. La kumsemea huyu lilikuwa limebaki ghorofa ya kwanza, walipopumzika. Akajishika kwenye kabati la mafaili lililokuwa kando yake, likagonga ukuta.

Fundi alisikia kabati likigonga, akageuka.

"Mpeni mdogo wangu kiti," alisema.

"Huyo ni msindikizaji, mzee," alisema mhasibu. "Wasindikizaji wanasimama."

"Msindikizaji?"

"Ndiyo utaratibu."

Fundi aliweka mikono yake miwili juu ya meza. Vidole havikukunjuka, na safari hii hakuvificha.

"Mimi sijambo," alisema. "Sijaja hapa kulalamika. Ila huyu mnayemwita msindikizaji ndiye mgonjwa, na nyinyi mmemsimamisha. Usiku ananigeuza, ubavu huu, ubavu ule, peke yake. Mgongo umekwisha. Ananyanyua mtu mzima kama gunia, mtu wa umri wake, ni haki hiyo?"

"Kukugeuza kwa nini, mzee?" aliuliza daktari.

"Nisitoke vidonda. Vilivyopo vinamtosha. Halafu mashuka. Kila siku anafua mashuka. Mtazameni vidole."

"Kila siku?"

"Kila siku, daktari. Mimi nalala, sijui kinachotokea, nikiamka yeye yuko kwenye beseni. Ndiyo maisha hayo ya kumpa mdogo wako?"

"Kaka, basi," alisema Bibi Foleni.

"Usinikatize, leo naongea." Hakumtazama. "Na ngazi hizi mnazonipongeza, nani kanipandisha? Mimi naweka mguu, sijui kama nimekanyaga ngazi au hewa. Yeye ndiye kanishika mkanda."

Kalamu ilikuwa inakimbia. Daktari hakuinua uso. "Na sindano anakuchoma nani?"

Fundi alimtazama dada yake kwanza. Hapo palikuwa na jambo walilokubaliana kutomwambia mtu.

"Yeye," alisema. "Macho yake yamechoka. Juzi juzi alizidisha. Nikazimia, akanikorogea sukari, akanilisha kwa kijiko huku analia kama mtoto. Nawaambieni halikuwa kosa lake, ni uchovu. Mlimwondoa muuguzi, mkamwachia bibi mwenye miwani ya uzi. Sasa msimlaumu. Mimi mnaweza kuniacha, nimeshakula chumvi ya kutosha. Huyu mtamuua."

Feni iliendelea kuzungusha joto. Mhasibu alikohoa, akasema bajeti ya robo hii imebana, na sheria haina kipengele cha wasindikizaji kuchoka.

"Sijaandika kuhusu msindikizaji," alisema daktari. Akageuza karatasi, akamsomea mhasibu: "Hana hisia miguuni. Hawezi kugeuka kitandani. Hajizuii usiku. Hawezi kujichoma sindano, na amezimia kwa dozi kuzidi. Vidonda vipo. Mimi nasaini hajimudu. Wewe?"

Mhasibu alitafuta mahali pa kubishia, akageuza karatasi upande wa pili, akakuta ni nyeupe. Akasaini kama mtu anayelipa deni la mwingine.

"Muuguzi atarudi Jumatatu," alisema daktari. "Na dawa mtachukua leo, dirisha la chini."

Fundi aliinamisha kichwa. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu, kana kwamba amevuliwa nguo mbele za watu na ndiyo kwanza anagundua. "Nimesema mengi," alimnong'oneza dada yake. "Umenisikia nilivyokuwa nasema mengi?"

"Nimekusikia."

Daktari alisimama, akazunguka meza, akaburuta kiti chake mwenyewe mpaka ukutani. Bibi Foleni alikitazama kiti kile kwa mashaka, kama mtu aliyepewa kitu ambacho kitakuja kudaiwa baadaye. Akakaa kwenye ukingo, mkoba mapajani. Daktari akachutama mbele yake, kalamu bado mkononi.

"Na wewe mama," aliuliza taratibu, "hali yako?"

Akasubiri. Hakuandika, hakutazama saa. Alikuwa mtu wa kwanza katika jengo lile kusubiri, na hata fundi aliacha kupumua ili "ila" ipate nafasi ya kupita.

"Nzuri tu," alisema Bibi Foleni. "Kaka, inuka, dirisha la dawa litafungwa."