Siku ya Kufunga Nyumba

Kamba ilitangulia, sauti ikafuata. Niliiona ikivuka mgongo wa nyumba mpya ya baba, ikasita kidogo angani kana kwamba inachagua pa kuangukia, kisha ikaanza kushuka upande wangu. Mikono yangu iliinuka yenyewe na kuidaka. Ndipo nikamsikia fundi kutoka upande wa pili wa nyumba, asikoweza kuniona.

"Dada, uko hapo? Shika. Ufunge kwa huo mti, nataka kupanda nimalizie vigae vya juu."

Nilisimama na kamba mkononi bila kuifunga. Labda nawe, rafiki yangu, umewahi kusikia mwili ukikumbuka jambo kabla ya akili. Kiganja changu kiliutambua uzito ule wa kitu kilichorushwa juu ya nyumba na mtu usiyemwona, akiamini kwamba upo.

Baba amestaafu na amerudi kujenga Butula, katika boma lile lile nilimolelewa. Amechagua vigae vyekundu. Fundi alinieleza kwamba kila kigae kina skrubu zake, na kwamba vile vya ukingoni na vya mgongoni hukazwa zaidi, kwa sababu upepo huanzia hapo kama mtoto anayebandua ganda la kidonda. Namwamini. Huku kwetu upepo hutoka upande wa ziwa baada ya chakula cha mchana, joto likiwa limewalaza hata kuku, na haupigi hodi.

Mahali inaposimama nyumba hii palikuwa na nyingine, fupi, ya udongo, iliyopakwa samadi na majivu hadi ikawa na rangi ya njiwa. Ilikuwa ya nyanya, ambaye kwa lugha yetu tulimwita Kukhu. Baba na mama waliishi Naivasha, kwenye mashamba ya maua, pamoja na mdogo wangu. Mimi niliachwa kwa Kukhu nikiwa sijaanza shule. Nikifumba macho naipata nyumba ile kwa pua kwanza: moshi wa kuni mbichi, omena waliokaushwa, dagaa wale wa ziwani, ugali wa mihogo na wimbi uliokuwa mwekundu kama udongo wa njiani. Halafu naipata kwa masikio. Mabati yake yalikuwa ya zamani, yamepigiliwa kwa misumari ya kawaida iliyovishwa vizibo vya soda ili vichwa vyake visizame kwenye matundu. Jua lilipochwea yalipoa na kutoa milio midogo midogo, na mimi, mkekani, nilidhani nyumba inahesabu watu wake.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu, na kabla mvua haijaanza bati la pembeni lilianza kugonga. Mwanzoni liligonga upepo ulipopita tu. Baadaye likagonga hata pasipo upepo niliouhisi mimi, na bati lililo kando yake likajifunza. Ungekuwa mgeni ungeuliza kwa nini asipande mtu akapigilia misumari. Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba, hata mtoto wa kike. Na nyumba ya mjane kama Kukhu hutengenezwa na mwanawe. Mwanamume mwingine akionekana juu ya paa lake na nyundo, kijiji kizima kitaelewa kwamba amemrithi. Hivyo paa lilimngoja baba, na baba hangepata likizo kabla ya Pasaka.

Shangazi, dada ya baba, alikuwa ameolewa Malaba, karibu na mahali malori hupanga foleni ya kuvuka mpaka. Alikuja kututazama Jumapili moja. Aliketi akisikiliza mabati, kikombe cha chai mkononi.

"Mama, hili paa likienda, huyu mtoto nitamchukua," alisema. "Nitarudi mvua ikianza, nione."

"Na mimi?" Kukhu aliuliza, akijua jibu.

Shangazi alitazama chini. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hilo halikuwa na mjadala. Kukhu angebaki akilala jikoni kwa watu, nami ningelala Malaba nikisikiliza injini za malori. Tangu siku ile sikulisikiliza bati lile kama zamani. Kila lilipogonga, niliona kama mtu anayekunja nguo zangu.

Ni mwalimu wetu wa sayansi aliyefungua njia, ingawa hakujua. Alimpa kila mmoja wetu kipande cha karatasi, akatuambia tukiweke chini ya mdomo na kupuliza juu yake kwa nguvu. Sote tulitarajia karatasi ishuke. Iliinuka. Darasa likacheka, naye akangoja kicheko kiishe, akasema kwa upole kwamba ndivyo paa linavyoondoka: upepo unaopita juu yake hulivuta lielekee mbinguni. Nilikimbia nyumbani na habari ile kama niliyebeba maji kwenye viganja.

Kukhu alikuwa akipepeta mtama. Alinisikiliza hadi mwisho, akachuma jani kavu la mgomba, akaliweka chini ya mdomo wake usio na meno ya mbele, akapuliza. Jani likainuka. Alipuliza tena, na tena, mpaka macho yakamtoka machozi ya kucheka.

"Sasa kama linataka kwenda juu," alisema, "si tulifunge chini."

Jirani yetu alikuwa mwendesha baiskeli wa boda boda. Wiki nzima alibeba mizigo pale mpakani Busia, magunia ya mahindi, matenga ya kuku, na wakati mmoja kabati lenye kioo, na Jumamosi alirudi nyumbani ameloa jasho. Mizigo yake aliifunga kwa blada, zile tepe ndefu zinazokatwa kwenye mipira ya ndani ya magurudumu. Kukhu alimwita chini ya ukingo wa paa.

"Kukhu, wacha nikwambie ukweli," jirani alisema kabla hajaulizwa, akitazama mabati kwa hofu. "Mimi nikionekana hapo juu, jioni bibi yangu ataniuliza nimeoa lini."

"Mimi nimekuambia upande? Gunia ukilifunga kwa baiskeli, unapandanga juu yake?"

"Hapana."

"Basi hii nyumba yangu ni gunia. Funga."

Jirani alitazama nyumba, akaizunguka, akaipima kwa mikono kama anayepima ng'ombe. Nilimwona akianza kutabasamu. Mkewe, aliyekuwa amekuja kuhakikisha hakuna anayepanda popote, alisimama kando na kusema, "Nyumba ifungeni vizuri, lakini msimwache huyu nayo. Ataivusha Uganda bila kulipa ushuru."

Kazi ile ilichukua siku nzima, na ndiyo siku ninayoiota mara nyingi zaidi katika siku zote za utoto wangu. Tulichonga vigingi vya lusiola, mti ambao mchwa hawaupendi, tukavizamisha ardhini kila upande wa nyumba, vikiwa vimeinama kuelekea nje ili visichomoke. Tuliunga blada kwa mafundo ya mpakani, yale ambayo kadiri mzigo unavyovuta ndivyo yanavyokaza. Katika ncha ya kila moja tulifunga jiwe ndani ya kitambaa. Jirani alisimama upande wa mashariki, mimi nikasimama magharibi, na nyumba ikawa katikati yetu kama mlima.

Jiwe la kwanza jirani alilirusha bila kunionya. Lilivuka paa, likanikosa mimi, likatua ndani ya sufuria ya mihogo iliyokuwa ikitokota uani. Kukhu hakukasirika. Aliokota jiwe kwa mwiko, akalifuta kwa kanga, akaenda kusimama pembeni mahali alipoweza kutuona sote wawili.

"Mtu asirushe kabla hajamsikia wa upande wa pili," alisema. "Uliza kwanza."

Kuanzia hapo tukawa na mwito wetu. Jirani aliuliza, "Uko?" nami nikajibu, "Niko," na blada ikaja, nyeusi, ikijipinda katika anga jeupe la mchana, nami nikaidaka. Kisha alikuja upande wangu, akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja, akaivuta hadi ikaimba, akaifunga kwenye kigingi. Uko? Niko. Jua lilihama, vivuli vya vigingi vikarefuka, na Kukhu akatuletea mihogo ile ile na chai ya rangi. Tulipomaliza, nyumba ilikuwa imefungwa kama mzigo uliokuwa tayari kusafiri. Nilivuta blada moja kwa kidole na kuiachia, ikatoa sauti nzito, tamu. Usiku ule na nyingi zilizofuata upepo mdogo ulizipapasa zote, na nililala ndani ya muziki.

Mvua ilikuja tukiwa darasani. Mchana uligeuka rangi ya zambarau, mwalimu akafunga madirisha, na kitu kikapita juu ya shule kikivuma kama lori lisilo na breki. Tulisikia bati la kinu cha kusagia unga likiondoka sokoni. Lilipiga kelele moja ndefu, halafu kimya. Nilikaa nimeshika ukingo wa dawati. Nilikuwa nikijibu kwa midomo tu, bila sauti, Niko, Niko, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Tuliporuhusiwa nilikimbia kupitia mabua ya mtama yaliyolala chini yote yakielekea upande mmoja. Kwenye kona ya mwisho niliogopa kuinua macho. Ghala la jirani lilikuwa limevuliwa kofia yake ya nyasi. Nyumba yetu ilikuwa na paa lake.

Kukhu alikuwa ameketi ndani, mikono imetulia magotini, kama aliyetoka kushuhudia jambo kanisani.

"Liliinuka," aliniambia polepole. "Nikaona mwanga. Mwanga umezunguka ukuta wote, kama mtu amefunua sufuria kuchungulia ugali. Nikasema, haya, nenda. Halafu likarudi, likakaa pale pale."

Shangazi alifika siku ya pili na mkoba mtupu wa kubebea nguo zangu. Alizunguka nyumba, akagusa kila kigingi, akamtazama mama yake, akacheka. Alirudi Malaba na mkoba umejaa mihogo.

Baba naye alikuja wakati wa Pasaka, akapanda na misumari mipya yenye vichwa vya mpira, akaipigilia kwenye migongo ya mabati, ambako maji hayapiti. Alipotaka kukata blada zetu, kwa kuwa aliziona zinaaibisha boma, Kukhu alisimama mlangoni. "Hiyo misumari yako piga. Hizo usiguse." Kila mwaka baada ya hapo, kabla ya mvua, jirani alileta blada mpya, kwa kuwa jua huzila, nasi tukawa na siku yetu ya kufunga nyumba. Uko? Niko. Niliyapata majina ya shinikizo na mwinuko baadaye, chuoni, na yalinifurahisha. Lakini hata leo fizikia hiyo naisikia kwa sauti ya Kukhu akipuliza jani.

Kisha tukatawanyika, kama wote wanavyotawanyika. Mimi nilikwenda kusoma. Jirani alinunua pikipiki, akahamia mjini Busia karibu na mpaka, akamwacha mkewe na shamba. Blada aliendelea kuzituma. Mimi nilipiga simu, nikauliza habari za mvua, Kukhu akasema mvua ni nzuri na paa ni zima, nami nikaridhika.

Alipofariki na matanga yakaisha, ilibidi nyumba yake ivunjwe na mwanawe. Baba alipanda na mtaimbo. Hakuutumia. Nilimwona akiinama, akishika kichwa cha msumari kwa vidole viwili, na msumari ukatoka kama jino la mtoto. Akashika mwingine. Kutu ilikuwa imeila yote, na mbao zilizoishikilia zilikuwa unga. Alikaa juu pale kwa muda, kofia mkononi. Hakuna kilichokuwa kimelishika paa lile isipokuwa blada, na blada zilikuwa mpya, za mwaka ule ule, mafundo yake yamekazwa.

"Nani alizifunga?" baba aliuliza kutoka juu.

Mke wa jirani ndiye aliyejibu. Alisema alimwona Kukhu, mwaka ule na uliotangulia. Alikuwa akisimama upande wa mashariki na jiwe mkononi, akiuliza, "Uko?" Alingoja kidogo. Kisha alirusha, akachukua fimbo yake, akaizunguka nyumba kwenda kuvuta mwenyewe. Mke wa jirani alipokwenda kumsaidia, Kukhu alimwambia akae, ana watoto wa kupikia.

Nyumba hii mpya ni imara. Vigae vyake havigongi, havipoi kwa milio, na fundi ananiambia mvua ikinyesha hatutaisikia, jambo analolisema kama sifa, na ni sifa. Baba atalala vizuri. Sokoni Khunyangu nimetafuta baiskeli yenye blada nyuma yake nisiipate. Mizigo sasa huenda kwa pikipiki na kamba za nailoni. Na watoto wa mdogo wangu wakija likizo watalala chini ya paa lisilohitaji mtu yeyote upande wa pili.

Kabla ya kuifunga kamba ya fundi niliiweka chini kidogo, nikaizunguka nyumba. Nilikwenda polepole, kwa mwendo wa mtu mwenye fimbo, nikapita pale palipokuwa na sufuria, nikapita palipokuwa na vigingi, nikampita fundi aliyeinamia vigae vyake bila kuniona, nikafika tena nilipoanzia. Ni njia ndefu kuliko nilivyodhani.

"Dada," fundi aliita kutoka upande wa pili, "bado uko?"

Niliokota kamba, nikaifunga kwenye mti kwa fundo la mpakani, lile linalokaza kadiri mzigo unavyovuta.

"Niko," nikasema.